Nywele Alizosuka Babu

Likizo ile mjukuu alipokuja kijijini, bibi alikuwa na mkono uliovunjika, hivyo kazi ya kumsuka ikamwangukia babu, fundi magari mstaafu. Kila asubuhi alinawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akambana mtoto katikati ya magoti, akaanza kuhema kama anayefungua nati iliyoshika kutu.

“Nikikuumiza sema, mama.”

“Huumizi, babu, ila njia zako zina kona.”

Bibi alicheka hadi akashika mbavu. Binti yao alipokuja na gari kumchukua mtoto, alitoa chanuo azifumue nywele zile. Mtoto akafunika kichwa kwa viganja.

“Usiguse! Hizi naenda nazo shule.”

Babu akainama kukagua tairi la gari lisilo na tatizo lolote. Bibi akamwacha mumewe ajifute macho, akamwambia bintiye taratibu, “Asante kwa kutuletea mtoto.”