Mama Vioo na Samaki wa Wodi ya Figo

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla wagonjwa wa zamu ya kwanza hawajaingia, Mama Vioo amepiga magoti mbele ya tangi la samaki katika wodi ya figo. Anahesabu, kisha anahesabu tena. Jana aliwaacha wanane. Leo wako saba.

Wa nane amelala ubavu kwenye changarawe. Anamtoa kwa kijiwavu, anamfunga kwenye gazeti na kumtia mfukoni mwa aproni.

"Nitawaambia wagonjwa," anasema bila kugeuka. "Lakini kuambiwa ni afadhali kuliko kukuta."

Mama huyu ni mjane wa miaka hamsini na minne. Kwa miaka kumi na moja amesafisha matangi ya samaki wa mapambo maofisini na kwenye zahanati, na vioo vyake visivyo na doa ndivyo vilivyompa jina. Kazi alifundishwa na muuza samaki wa mapambo mmoja mkali wa maneno, ambaye Mama Vioo alikuwa mfagizi dukani kwake.

Tangi hili lililetwa wiki tatu zilizopita. Aliomba likae wiki sita bila samaki, chujio likizunguka, mpaka wazaliane humo vijidudu wanaokula sumu ya kinyesi cha samaki. Mkuu wa utawala alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia wageni wa uzinduzi wanakuja Ijumaa na hawataonyeshwa maji matupu. Samaki ishirini wakatiwa siku ileile.

"Nilinyamaza," anasema. "Niliogopa kazi angepewa mwingine. Hapo sina wa kumlaumu."

Sumu hiyo haina rangi. Siku ya nne samaki walikuwa wakitweta juu ya maji, mashavu yao mekundu kama yaliyoungua. Tangu hapo, hata Jumapili, Mama Vioo hutoa robo ya maji kwa mpira na kurudisha ndoo sita alizozilaza tangu jana yake ili dawa ya maji ya bomba itoke. Bomba liko mwisho wa korido, na mgongo wake unalijua. Chakula huwapa chembe chache, tena siku moja moja, kwa kuwa kila kinacholiwa hugeuka sumu.

Muuguzi mkuu alimwomba anunue wengine kimya kimya azibe pengo, maana wagonjwa hulala saa nne kwenye mashine za kusafisha damu wakiwatazama hao samaki. Alikataa. Samaki zaidi ni kinyesi zaidi, na wangekwisha wote.

Wiki iliyopita mwalimu mstaafu wa kitanda cha pili alimwita, akamwuliza wale wengine wako wapi. Mama Vioo alivuta kiti akamweleza yote, hata yale ya kunyamaza kwake. Mzee aliitazama mirija mkononi mwake.

"Kumbe hao vijidudu ndio figo zao, na hazijafika," alisema. "Basi usinifiche, mama. Akifa mmoja, niambie."

Leo zamu inapoingia, kitanda cha pili kina kijana mgeni. Muuguzi anamvuta Mama Vioo pembeni na kumweleza kwa sauti ya chini kwamba mwalimu alifariki Jumamosi, nyumbani kwake. Mama Vioo anaitikia kwa kichwa. Anafuta kioo ambacho tayari ni kikavu.

Kisha anafungua kopo alilokuja nalo. Ndani mna kipande cha sponji, cheusi kwa uchafu, alichokikata kwenye chujio la tangi la daktari wa meno. Tangi hilo lina miaka sita, na uchafu huo umejaa vijidudu anaowataka. Anakipachika ndani ya chujio taratibu. Kikishika, anasema, huenda maji yakatulia baada ya wiki mbili tatu.

Kijana wa kitanda cha pili anauliza kama samaki ni hao tu.

"Walikuwa ishirini," anamjibu, na kuvuta kiti. "Hawa saba nataka kuwavusha. Ngoja nikueleze."