Walifukia Visima Ili Tukimbie

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mikumi, na kila alfajiri nakimbia kando ya barabara kuu huku madereva wa malori wakinipigia honi na kuniuliza nafukuzwa na nani. Niliposikia kuna nusu marathoni ndani ya korongo la mto, kwenye milima mikavu ya upande wa Lumuma, nilijiandikisha siku hiyo hiyo. Shangazi yangu ameolewa kijiji kilicho juu tu ya korongo hilo, kwa hiyo hata pa kulala palikuwepo.

Nilifika jioni kwa bodaboda kutoka Kilosa mjini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Leo utanawa miguu tu. Maji hatuna."

Madumu yote yalikuwa yamelala matupu ukutani. Akanieleza kwamba kuna kijana alipita na kipaza sauti, akatangaza kuwa mtu asishuke mtoni mpaka mbio ziishe. Nikamwambia avumilie, ni asubuhi moja tu. Akaenda kuchochea moto.

Asubuhi tukaanza. Korongo lile ni zuri, siwezi kusema uongo. Kuta za mawe mekundu zimepanda pande zote mbili, pimbi wanakuchungulia kwenye nyufa, na chini ni mchanga mtupu, maana kiangazi mto huo hauonekani. Maji yapo, lakini yako chini ya mchanga. Wanawake huchimba visima kwa mikono na kuyasubiri yajikusanye, kisha huyachota kwa kata. Nilipokuwa mdogo nilichota hapo na shangazi wakati wa likizo.

Tulipofika katikati ya safari nikaona meza ya maji ya chupa, na juu ya ukingo, wanawake wameketi na ndoo zao. Shangazi alikuwa mmoja wao. Mbele yao alisimama kijana aliyevaa kizibao cha njano, amenyoosha mikono kama anayezuia ng'ombe. Nikatazama chini, mahali pa visima. Mchanga ulikuwa umesawazishwa, umepigwa na reki.

Nikasimama. "Visima viko wapi?"

"Vimefukiwa, dada. Usalama wa wakimbiaji. Mtu angevunjika mguu."

"Mngeweka kamba. Mngeweka hata mawe."

"Zingeharibu picha. Endelea, dada, unapoteza muda."

Damu ilinipanda kichwani. Watu walikuwa wanajimwagia maji ya chupa utosini mbele ya wanawake ambao hawakuwa na tone la kupikia uji! Na fulana niliyovaa imeandikwa kifuani kwamba tunakimbia kwa ajili ya mazingira.

"Shangazi, shukeni," nikaita.

"Mwanangu, tutagombana na watu."

"Wagombane na mimi kwanza."

Nikapiga magoti, nikaanza kufukua. Kijana akanishika bega, nikamtazama kwa jicho ambalo wanafunzi wangu wanalijua, akaniachia. Shangazi akashuka, wengine wakamfuata. Mzee mmoja mwenye namba kifuani akaacha kukimbia, akaja kutusaidia. Wengine walitupita. Mwanamke mmoja alipiga kelele, "Hongereni kwa kujitolea!" huku anakimbia. Mpiga picha wa mbio naye akaja, akainama, akatupiga picha wala hakuuliza tunafanya nini.

Mchanga uliofukiwa ni mlegevu, unabomoka kila ukiutoa. Kucha zilinitoka damu. Jua lilikuwa limeshaingia korongoni maji yalipoanza kujitokeza, ya rangi ya chai ya maziwa, na ilibidi tuyamwage kwanza mpaka yatakate. Nilisubiri shangazi ajaze ndoo yake. Kisha nikamaliza mbio kwa kutembea.

Mwisho wa mbio walikuwa wanakunja mahema. Mwandaaji akaniambia muda umepita, medali hakuna. Nikamwambia sitaki medali, nataka aende pale juu akawaombe radhi wale mama. Akatabasamu vizuri sana, akasema, "Tumepokea maoni yako, tutayafanyia kazi." Akaingia kwenye gari.

Wiki hiyo nikaiona picha kwenye ukurasa wao wa mtandaoni. Mimi na shangazi tumepiga magoti mchangani, na chini wameandika: washiriki wakifurahia utamaduni wa wenyeji. Nikaandika ukweli hapo hapo, nikaeleza nani alifukia nini. Baada ya muda mfupi maneno yangu yakafutwa. Nikawapigia simu. Akapokea binti mwenye sauti laini, akanisikiliza mpaka mwisho, nami nikamwambia waiondoe ile picha.

"Kwani, dada," akauliza, "umetoka vibaya?"