Tulivyoogesha Harusi

Mimi na mume wangu tunaogesha watu. Nikiulizwa kazi yangu najibu hivyo hivyo, na anayetaka kucheka acheke. Tuna bafu la maji ya moto kando ya barabara inayotoka Soni kwenda Lushoto mjini. Lina vyumba vinne vya matofali, viwili vya wanawake upande wa juu na viwili vya wanaume upande wa chini, milango ikiwa imepeana visogo. Katikati kuna tanuri, na juu ya tanuri pipa kubwa la chuma ambalo mume wangu alilichomelea mwenyewe. Maji yanashuka kwa bomba kutoka kwenye kijito kilichoko msituni juu yetu. Moto tunauwasha kwa mabanzi ya miti kutoka kwa wapasua mbao, na maranda yakipatikana.

Wazo lilikuwa langu. Mume wangu alilijenga, lakini wazo lilikuwa langu, na yeye halikatai hilo hata mbele ya watu.

Nilizaliwa Muheza, kwenye joto, mahali ambapo mtu anaoga mara mbili kwa siku bila kufikiri. Niliolewa mwezi wa saba. Asubuhi yangu ya kwanza ukweni, huku mlimani, nilitengewa ndoo ya maji nyuma ya nyumba. Nilitumbukiza kidole kimoja. Kisha nikayamwaga maji yote taratibu ili yasipige kelele, nikajipaka mafuta, nikatoka nikasema nimeoga.

Mume wangu alisubiri mpaka tulipobaki wawili.

"Hujaoga," alisema.

"Nimeoga."

"Sabuni ni kavu."

Kesho yake aliamka kabla yangu, akakoka moto, akanichemshia maji. Akafanya hivyo kila siku kabla ya kwenda kwenye kazi zake za ufundi bomba. Mama mkwe wangu aliona. Mwanamume kumkokea mkewe moto wa kuogea, kwake lilikuwa jambo la kusimuliwa kwa sauti ya chini. Lakini mimi nilikuwa nimeanza kufikiri. Kama mimi nateseka, vipi mwalimu aliyepangiwa shule huku akitokea Tanga? Vipi dereva aliyelala kwenye lori? Vipi wanawake wanaopanda na kabichi kichwani kutoka bondeni, wanafika sokoni na tope la magotini wakati wenzao wamevaa viatu?

Tulipofungua, miezi ya mwanzo hakuja mtu. Kila mmoja alikuwa na ndoo yake nyumbani, na kwenda kuvua nguo kwa watu lilikuwa jambo geni. Wengine walisema mengine, kwa kuwa wanaume na wanawake walionekana wakiingia kwenye uzio mmoja. Mama mkwe alisema lake mbele yangu, bila kuficha.

"Mimi niliogeshwa na mama yangu, na nitaogeshwa tena nikifa. Hapo katikati najiogesha."

"Sawa mama," nilimjibu. Bafu sikulifunga. Walianza wanawake wa kabichi, wawili, kisha watano. Wakafuata walimu wageni, wakafuata madereva. Kufikia mwaka wa tatu tulikuwa na watu wetu, ingawa majirani wenyewe walikuwa bado wanapita mbele ya mlango wakitazama upande wa pili.

Sasa niseme habari ya Jumamosi ile.

Ulikuwa msimu wa vuli, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Usiku wa Ijumaa kipande cha mlima kiliporomoka chini ya Soni, kikakaa katikati ya barabara, na magari hayakuweza kushuka wala kupanda. Asubuhi kwenye saa tatu nilisikia lori likinguruma mbele ya bafu. Nililijua. Lilikuwa la dereva mmoja anayepeleka kabichi, mteja wetu wa muda mrefu. Kumbe alifika kwenye tope, akashindwa kuvuka, akageuza. Alishuka akaja mlangoni akiwa anatabasamu.

"Mama," alisema, "nimekuletea harusi."

Nyuma ya lori, juu ya magunia, walikuwa wamekaa watu wa rika zote, wamebeba mabegi na maboksi. Walikuwa na tope mpaka mapajani, na wengine mpaka kifuani. Katikati yao alikaa msichana aliyefunga mfuko wa nailoni kichwani ili nywele zake alizotengenezwa zisiloe. Walikuwa wametoka Muheza tangu jana yake, wakakwama Mombo, wakalala kwenye gari. Alfajiri waliamua kuvuka tope kwa miguu, mmoja mmoja, wakishikana mikono. Upande wa pili wakamkuta dereva wetu.

Mwanamke mmoja mrefu alishuka wa kwanza akiwa na boksi jeupe kichwani. Mwili mzima ulikuwa mchafu, lakini boksi lilikuwa safi kabisa.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mimi ni shangazi wa bibi harusi. Humu ndani mna gauni. Ndoa inafungwa saa nane, kanisani Lushoto." Alitazama jengo letu, akatazama watu wake. "Tuko ishirini na sita. Mtatuweza?"

"Tutawaweza," nilisema.

Nyuma yangu mume wangu alikohoa. Alinivuta pembeni ya tanuri.

"Pipa moja linatosha watu kumi," alisema. "Kulichemsha upya ni saa moja na nusu, na mabanzi yenyewe yamelowa. Hesabu mwenyewe."

"Nimeshahesabu. Ndiyo maana tuanze sasa hivi."

Tulianza. Babu wa bibi harusi alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, kwa hiyo nilimtanguliza upande wa wanaume, akaingia na mjukuu wake mmoja mtu mzima wa kumshika mkono. Upande wa wanawake nilitanguliza wenye watoto. Bibi harusi nilimweka mwisho, kwa sababu akishaoga ni lazima avae, na akishavaa hakuna tope litakalomkaribia. Shangazi alikubali. Alisimama mlangoni na boksi lake kama askari wa zamu.

Alipotoka mtu wa tisa, bomba lilikohoa. Yalitoka maji ya kahawia kama chai ya maziwa, kisha ikatoka hewa, kisha kukawa kimya.

Mume wangu alichukua jembe na panga, akavua viatu.

"Chanzo kimefukiwa," alisema. "Nipe saa moja."

Saa moja ya mume wangu naijua, ni mbili. Aliingia msituni, mimi nikabaki na watu kumi na saba wenye tope. Ilikuwa saa nne na nusu.

Nilisimama pale uwanjani kwenye manyunyu nikitazama mabati ya majirani, na hapo ndipo nilipoona. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Kila nyumba ilikuwa na pipa au simtanki chini ya mfereji wa paa, na yote yalikuwa yanafurika. Na kila jiko lilikuwa linafuka moshi. Maji yalikuwapo na moto ulikuwapo, ila vilikuwa kwa watu ambao walikuwa hawajawahi kuingia kwangu.

Nilikwenda kwanza kwa mama mkwe. Nyumba yake ndiyo iliyo karibu zaidi, na ana masufuria makubwa ambayo mtaa mzima huazima kwenye misiba na sherehe. Nilimkuta jikoni anapika maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nina bibi harusi pale kwangu, na maji yamekatika."

Alikoroga maharage yake. "Wa wapi?"

"Muheza."

"Ndugu yako."

"Simjui, mama. Ni wa kwetu tu."

"Mama yake yupo?"

"Nimeona shangazi tu. Mama sikumwona."

Aliacha kukoroga. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mama wa yule binti alikuwa mgonjwa na alibaki Muheza, lakini mama mkwe alielewa pale pale, bila kuambiwa. Aliteremsha chungu cha maharage, akaweka sufuria kubwa mahali pake, akatoka nje. Ana sauti iliyozoea kuita ng'ambo ya bonde. Aliita neno moja la Kishambaa, "Mazi", yaani maji, kisha akaongeza maneno mengine kwa haraka ambayo sikuyashika yote, na milango ikaanza kufunguka mmoja baada ya mwingine.

Sijui niieleze vipi nusu saa iliyofuata. Wanawake walikuja kwa mstari kwenye njia ya migombani, kila mmoja na ngata kichwani na sufuria juu yake, mvuke ukipanda kwenye manyunyu. Walikuja wale waliokuwa wanatazama upande wa pili wakipita. Alikuja mke wa mzee wa kanisa. Alikuja jirani ambaye tulikuwa hatusalimiani vizuri tangu mbuzi wake ale maua yangu, akatua sufuria yake miguuni pangu, akasema, "Haya, mimina, nirudi kuchukua nyingine." Tulichanganya maji kwenye ndoo, ndoo zikaingia vyumbani, watu wakatoka wasafi wakinukia sabuni.

Zamu ya bibi harusi ilipofika, hakusimama. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mfuko wa nailoni bado kichwani, anatazama miguu yake.

"Twende, mwanangu," shangazi alimwambia.

"Shangazi, nataka kurudi nyumbani."

Shangazi alikuwa amevusha boksi lile kwenye tope bila kuteleza, lakini kwa neno lile alilitua kwenye benchi. Nilikaa kwenye benchi karibu na binti.

"Ni kwa sababu ya bwana?" nilimuuliza.

"Hapana. Yeye ni mtu mzuri."

"Ni nini basi?"

"Baridi," alisema, na machozi yakamtoka. "Nitaishije huku? Tangu jana sijahisi vidole vyangu."

Nilimwambia natoka Muheza, nikamtajia na mtaa, akageuka kunitazama kwa mara ya kwanza. Nilimsimulia ile asubuhi yangu ya kwanza ukweni, ndoo niliyoimwaga na sabuni iliyonisaliti. Mama mkwe alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka tulipo, na sufuria yake. Habari ile alikuwa hajawahi kuisikia. Siku zote alidhani mwanawe alinikokea moto kwa sababu nilimdekea.

"Kumbe hukuoga," alisema.

"Sikuoga, mama."

Binti alicheka, akajifuta pua kwa kiganja. "Na sasa? Bado unasikia baridi?"

"Kila siku," nilisema. "Lakini naoga. Na wewe utaoga. Inuka."

Aliinuka. Mama mkwe ndiye aliyemimina maji yake. Alipima joto kwa kiwiko, kama anavyopimiwa mtoto mchanga, akaongeza ya baridi kidogo, akapima tena. Shangazi aliingia kumsugua mgongo. Walipotoka, boksi likafunguliwa, na wanawake wa mtaa wetu wakashika kanga kuzunguka mlango ili avae bila kuonekana. Hakuna aliyewaomba.

Mume wangu alirudi kwenye saa sita na nusu. Udongo ulimfunika usoni mpaka nikamjua kwa jembe lake. Mdomo wa bomba ulikuwa umekatika chini ya tope, ikabidi achimbe kwa mikono na kuunga upya. Nyuma yake bomba lilianza kunguruma, maji yakatoka machafu, kisha masafi. Alisimama akatazama masufuria yaliyopangwa uwanjani, wanawake wa mtaa waliokaa kwenye mabenchi yetu, na bibi harusi mwenye gauni jeupe.

"Kumbe hamkunihitaji," alisema.

Niliona kwamba imemuuma kidogo, na sikutaka imuume.

"Wajomba wanne bado wana tope," nilimwambia. "Na mimi siwezi kuwasha tanuri kama wewe. Washa."

Aliwasha, akachemsha robo pipa tu ili yawahi. Wajomba walioga maji ya pipa, wakayasifu mno, hata wakazidisha. Saa saba na robo lori lilitandikwa turubai safi, watu wakapanda wakiimba. Shangazi alinishika mikono yote miwili na kusema tuwafuate kanisani, wote, na mama yule aliyepima maji akae mahali pa mama wa bibi harusi. Mama mkwe alisema hana nguo. Alikuwa nayo. Alikwenda kuivaa.

Tulifika kanisani wakati nyimbo zimeshaanza. Mume wangu alikuwa ameoga kwa maji baridi, kwa kuwa ya moto wajomba walikuwa wameyamaliza, na mkono wake ulikuwa kama barafu kwenye wangu. Mama mkwe alikaa mbele na kitenge chake cha bluu, amenyoosha shingo.

Tangu siku ile majirani wanalitazama bafu kama ni lao, na wanalisema bila haya. Mke wa mzee wa kanisa aliniambia kuta zinahitaji chokaa, na nikapaka. Jirani wa mbuzi alidai tuweke ndoano za juu za kutundikia kanga, tukaweka. Mume wangu alipandisha chanzo mita kadhaa juu zaidi, kwenye mwamba, na akaunganisha simtanki ya maji ya mvua ili tusikwame tena. Mama mkwe bado anaoga kwake. Lakini wageni wake wakija kutoka kijiji cha Mnazi anawaleta mwenyewe, anawasimamisha mlangoni, anaingia kupima maji kwa kiwiko, na yasipomridhisha ananirudisha kwenye tanuri.

Yule binti alikuja wiki tatu baada ya harusi, Jumanne, peke yake, amevaa sweta mbili. Aliniamkia, akauliza ni chumba gani chenye joto zaidi. Nikamwonyesha kile kilichopakana na tanuri. Alikaa humo muda mrefu mpaka wanawake wa kabichi waliokuwa wanasubiri kwenye benchi wakaanza kugonga mlango, naye akawajibu kutoka ndani, bila haraka yoyote, kwamba bado hajamaliza.