Bonde Lisilokuwa Kwenye Ramani

Ungeuliza habari za Léontine huko Masisi, miaka ile ya baada ya vita vya pili vya wazungu, wangekujibu kwa neno moja: yule wa maharagwe. Alikuwa mjane wa Barthélemy, mwanamke mfupi mwenye shingo nene. Alijaza maharagwe kitungani, akapitisha ngoyi, ule mkanda wa gome, kwenye paji la uso, akainama, akashuka siku tatu mpaka misitu ya Walikale, kwenye kambi za wachimba bati. Kule watu walikuwa na mawese ya kumwaga na maharagwe hawana. Kwao Masisi ilikuwa kinyume. Wengine walisema Mungu amembariki. Yeye alisema ana miguu.

Njia zote za kule alizijua kwa shingo na kwa magoti. Alijua mteremko upi unakula goti la kushoto, kijito kipi kinavukika wakati wa mvua, na jiwe lipi lina kimo cha kuegemeza kitunga bila kukitua. Wanaume walisimulia safari kwa vitu walivyoviona. Léontine alisimulia kwa mahali alipopumzika.

Maharagwe yake yalitoka bonde la Kabingo, si mbali na Lushebere. Udongo wake ni mweusi kama masizi ya chungu. Zamani ukoo wa mumewe ulikaa humo, lakini miaka ya thelathini Leta, yaani serikali, iliamuru watu wahamie kando ya barabara ili wahesabike bila taabu. Wakahama, na hakuna aliyeandika walikotoka. Bonde likashika majani. Wachache tu waliendelea kulima humo, Léontine akiwa mmoja wao, kwa sababu shamba alilogawiwa barabarani lilizaa mawe.

Mwaka 1954, Jumapili moja baada ya misa, kapita wa kilima, mkuu aliyewekwa na Leta, aliwakusanya watu. Kapita huyo alikuwa Papa Isidore, mdogo wa marehemu baba yake Barthélemy. Alivaa kofia yake ya kazi, akakohoa, akasema kuna mzungu wa ng'ombe, mwenye malisho upande wa Kirolirwe, anaomba apewe Kabingo. Baada ya majuma matatu mzungu wa teritwari, yaani mtawala wa wilaya, angekuja kuuliza kama bonde lina wenyewe.

"Aulize tu," alisema jirani mmoja, Polycarpe. "Si tutamujibu?"

"Jibu balishakuwa nalo," Isidore akasema. "Karte yao, ile ramani ya mwaka 1922, haionyeshe hata nyumba moja mule. Pori tupu. Na pori tupu ni ya Leta."

"Na mashamba yetu?"

"Banasema mulilima juzi tu, juu ya kubadanganya."

Watu wakapiga kelele. Léontine hakupiga. Alikuwa anahesabu: bila Kabingo hana maharagwe, bila maharagwe hana safari, na bila safari atakaa barabarani akichambua mawe. Kesho yake alijaza kitunga akashuka Walikale, maana njaa ya wachimba bati haingoji mambo ya Leta.

Kwenye kambi, mteja wake mkubwa alikuwa Damien, karani wa ofisi, mtu wa msituni huko huko, mwenye shati jeupe na ulimi mwepesi.

"Mama Léontine, leo umeleta kidogo."

"Maharagwe iko mingi. Macho yako njo iko kidogo."

Damien akacheka, akaanza kupima. Ukutani nyuma yake ilikuwapo karatasi kubwa iliyopauka kwa moshi. Léontine alikuwa ameipita mara hamsini bila kuiangalia. Siku hiyo akauliza.

"Ile ni karte ya wapi?"

"Ya kwenu milimani mupaka huku. Ya zamani, mwaka 1922. Bazungu ba kutafuta mawe njo baliileta."

"Unionyeshe Kabingo."

"Unajua kusoma?"

"Hapana. Najua kutembea."

Damien akajikuna kidevu, akitazama kitunga. Léontine alimwelewa. Akamwongezea konzi mbili za maharagwe mekundu, matabishi, ile nyongeza ya bure, na hapo karani akainuka. Alimwonyesha mto, mstari mwembamba wa buluu. Alimwonyesha mgongo wa mlima Kahuzo, vijistari vingi vilivyosongamana kama nywele za kiwavi. Kati ya kivuko cha mto na alama ya soko la kwao kulikuwa na mahali pasipo kitu. Peupe.

"Hapo njo Kabingo yenu. Mzungu hakuandika kitu."

"Na hii inayotambaa?"

"Njia aliyopita. Na hii namba ni masaa ya kutembea. Kutoka kivuko mupaka soko, masaa tano."

"Tano?" Léontine akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. "Miye na muzigo wangu nafika kwa mbili."

Akafuata nukta za njia kwa kidole. Zilitoka kivukoni, zikafika mlango wa bonde, na hapo, badala ya kuingia kwenye tambarare, zikageuka ghafla, zikapanda Kahuzo mpaka kileleni, zikateremka upande wa pili na kutokea sokoni. Zililizunguka bonde jinsi mtu anavyozunguka shimo la choo.

"Kule hata mbuzi anapita akilia," alisema.

"Pengine mzungu alipenda kuona mbali."

"Sawa, yeye alipenda. Na wapagazi na masanduku yao, nao balipenda?"

Damien akarudi kupima maharagwe. Jibu Léontine alikuwa ameshalisikia hata kabla hajaolewa kwa akina Isidore.

Kila kasiksi, ile pombe ya ndizi, ilipopikwa, Papa Isidore alisimulia jambo lile lile. Mwaka 1922, akiwa kijana wa ndevu za kwanza, wazee walimteua awe kiongozi wa mzungu wa kupima nchi. Walimwagiza amzungushe. Kijiji chochote mzungu alichokiandika, nyuma yake ilikuja kodi, nyuma ya kodi ikaja kamba ya kukamata wapagazi. Basi Kabingo ikazima mioto yake siku tatu, jogoo wakafunikwa vikapuni, na Isidore akampandisha mzungu Kahuzo, akimhakikishia kwamba bondeni ni matope na nyoka. Mzungu alipima, akaandika, akatoa jasho, akashukuru. Akamwachia barua inayosema Isidore ni kiongozi mwaminifu, naye Isidore akaitunza kwenye kopo la maziwa. Barua hiyo ndiyo iliyomvisha baadaye kofia ya kapita. Wanywaji walicheka mpaka machozi.

Sasa uongo ule uliokuwa umewaficha babu ulikuwa unawafuta wajukuu. Jambo hilo lilimtafuna Léontine njia nzima ya kurudi, siku tatu, mtungi wa mawese mgongoni.

Kwa desturi ya nyumba ile, mke wa mtoto hakumsemesha baba mkwe uso kwa uso katika jambo zito. Alipitia kwa mtu wa tatu. Léontine akakaa mlangoni kwa mke wa Isidore, Mama Adelaïde, aliyehesabiwa mama mkwe wake na aliyekuwa anamenya mihogo, na Isidore alikuwa ndani, hatua tatu tu, akisikia kila neno.

"Mama Adelaïde, umuambie Papa, siku mzungu atakuja, aseme njo yeye alizungusha ile njia."

"Amesikia," alisema Adelaïde bila kuinua kichwa.

"Adelaïde!" sauti ya ndani ikafoka. "Umuambie huyu bibi ya Barthélemy, miye sikuzungusha mutu. Ile ilikuwa maneno ya pombe."

"Anasema ilikuwa pombe."

"Mama, umuulize kama na barua iko kwenye kopo la maziwa ni pombe."

Adelaïde alitabasamu kidogo kwenye mihogo yake.

"Umuambie," Isidore akasema, sasa kwa sauti ya chini, "nikisema hivyo, bataona balinipa kofia juu ya uongo. Batainyanganya. Pengine na fimbo juu yake. Miaka makumi mbili niko kapita, mubaya ao muzuri, niko kapita."

Léontine hakumwonea huruma nyingi, ila alielewa. Mtu hashikilii kofia kwa sababu ya kitambaa. Isidore hakuwa na ng'ombe, watoto wake wawili walikuwa wamezikwa, na kofia ile ndiyo iliyofanya watu wamsogezee kiti. Akafikiri jinsi anavyofikiri sokoni: mwenye kuuza anaogopa nini zaidi?

"Mama, umuulize Papa kitu kimoja. Kabingo ikienda, bavijana batakula nini? Bataenda kuchimba bati Walikale. Nimebaona kule, habarudiake. Atakuwa kapita wa nani? Wa weye na miye na kuku?"

Adelaïde akaacha kumenya. Akajibu mwenyewe kwa niaba ya mumewe, "Kuku batatu. Na mumoja ni mugonjwa."

Léontine akaenda zake bila kujua kama ameuza au hakuuza.

Siku ilifika. Mzungu wa teritwari alikuja na karani wake, polisi mmoja na ramani. Alikuwa kijana, pua imechubuka kwa jua, mwenye adabu kiasi. Walikutana kivukoni. Wazee wakamwambia bonde ni lao. Akafungua karatasi, akasema, karani akitafsiri:

"Mwaka 1922 mutu alipita hapa, akaandika kila kijiji. Hapa hakuna kijiji. Karte haina sababu ya kudanganya."

Wazee wakatazama chini. Isidore alikuwa anachezea kifungo cha koti. Léontine akasogea mbele na kitunga chake mgongoni, maana alikuja nacho kimejaa. Akamwambia karani wa teritwari:

"Muulize bwana, ile njia ya karte, mutu mwenye muzigo anaweza kuipita?"

"Mwanamuke anasema nini?" mzungu akauliza.

"Anasema," Léontine akaendelea mwenyewe, "tupime. Polycarpe achukue muzigo apite njia ya karte. Polisi amufuate, asidanganye. Miye nipite bondeni na bwana. Bwana ana saa mukononi. Tukutane sokoni."

"Kwa nini niwe miye wa Kahuzo?" Polycarpe akalalamika.

"Juu una miguu mirefu na akili fupi. Beba."

Watu wakacheka, hata mzungu akacheka baada ya kutafsiriwa. Pengine alikubali kwa sababu ya kicheko hicho, pengine kwa kuwa hakutaka kupanda mlima. Wakaingia bondeni, Isidore na wazee wakifuata. Léontine alitangulia na hakuongea. Waliipita miti ya magome, ile ambayo wazee waliivua ngozi wakaiponda kuwa nguo, mikubwa, imesimama kwa duara kama watu wanaoota moto. Mzungu aliitazama. Alikuwa ameshaambiwa ofisini kwamba miti huota yenyewe, ila duara lile, mfano wa uzio wa nyumba, lilimfanya apunguze mwendo.

Walifika sokoni kwa saa mbili kasoro. Wakakaa. Mzungu akala chakula chake, akaangalia saa, akaangalia Kahuzo. Saa ya tatu ikapita, na ya nne. Ilipokaribia ya tano Polycarpe akatokea, magoti yakitoka damu, na polisi nyuma yake akiwa amevua viatu.

"Ile haiko njia!" polisi akasema kwa hasira. "Ile ni azabu!"

Mzungu akainamia ramani. Masaa tano, kama ilivyoandikwa. Mpimaji wa zamani hakukosea hata kidogo. Ndipo akauliza, polepole, akiwatazama mmoja mmoja: "Mutu mwenye akili, na mizigo mingi, kwa nini aliacha njia muzuri?"

Léontine alimtazama Isidore usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe, kisha akageuza macho. Isidore akavua kofia.

"Ni miye," alisema. "Baba yangu aliniagiza. Kulikuwa manyumba makumi tano mule. Nilimuambia mzungu ni nyoka tupu. Alikuwa mutu muzuri, alinipa sukari. Nilimudanganya." Akatoa kopo la maziwa chini ya koti, akachomoa barua, akaiweka juu ya ramani. "Karte haikudanganya, bwana. Iliandika yote niliyoionyesha."

Mzungu alisoma barua mara mbili. Hakusema mtu apigwe. Aliandika muda mrefu, akachukua alama za vidole, ya Isidore ikiwa ya kwanza.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne. Sehemu ya chini ya bonde, kuanzia kijito mpaka duara la miti na hatua mia tatu zaidi, ni ya wenyeji. Majani ya juu, ya mwenye ng'ombe. Kofia ya kapita akapewa mtu mwingine. Wenye mashamba ya juu walimtukana Léontine, wakasema ameokoa lake tu. Hakubishana. Alikuwa amekwenda kuomba bonde zima akapata nusu, na sokoni alishawahi kurudi na chini ya hapo. Polycarpe, ambaye shamba lake lilikuwa juu, Léontine alimgawia mistari sita ya lake mwenyewe.

Wapimaji walipokuja na minyororo yao, walimwomba Isidore, sasa kichwa wazi, awaonyeshe zilipokuwa nyumba. Akawaonyesha. Alionyesha moja hapa, moja pale, na kadiri walivyoandika ndivyo alivyozidi kusonga juu, akikumbuka nyumba ambazo hata Adelaïde, aliyeolewa humo humo, hakuzijua. Léontine alikuwa karibu, akisikia, akiendelea kupalilia.

Walipoondoka wakaacha vijiti vyekundu mpakani. Mvua za kwanza ziliponyesha, Léontine alipanda maharagwe mpaka kwenye kijiti. Akasimama, akatazama juu, akatazama chini. Ng'ombe walikuwa bado hawajafika. Akapanda mstari mmoja zaidi, ng'ambo ya pili ya kijiti.