Unga wa Mtu Mmoja

"Kikombe? Kwani unafuga vifaranga?"

Wegesa alisema hivyo soko zima la Bomani likasikia. Mbele ya meza yake ya unga alisimama Mwalimu Pudensiana, aliyehamishiwa Tarime kutoka Bukoba, na mfuko mdogo mkononi.

"Nahitaji kidogo tu, mama."

"Hapa unga unapimwa kwa gorogoro, kopo la kilo mbili. Kumpimia mtu kikombe ni kumtukana."

Ndivyo Wegesa alivyolelewa kijijini kwao Nyanungu: unga wa mtama na muhogo hujazwa mpaka umwagike, maana nyumba ina watu. Mwalimu akaona aibu. Akachukua gorogoro zima, akalipa nusu, nyingine akaahidi mwisho wa mwezi.

Mwezi ukaisha, hakuonekana. Wenzake nao, manesi na maafisa wa kuja, walimpita Wegesa wakaenda dukani kununua sembe ya pakiti ndogo. Mji unajaa watu, unga wake unadoda! Wenyeji wengi walisaga wa kwao nyumbani. Akiendelea hivyo, meza ataikabidhi kwa mwingine.

"Hawa wageni hawana adabu ya chakula," akanung'unika.

"Adabu hainunui unga, mama Neema," akasema Efrazia wa meza ya nyanya. "Nenda kadai chako."

Akaenda kwa Mwalimu, maneno makali yamejaa mdomoni. Akakuta chumba kimoja cha kupanga, kisufuria kimoja, sahani moja. Unga ulikuwa kwenye ndoo, umepungua kidogo tu, na wadudu wanatembea juu yake.

"Shikamoo, mama. Mshahara haujatoka, nikaogopa kupita. Nilijaribu kuusonga ukawa uji, uliobaki ndio huo."

Wegesa akaitazama ile sahani moja. Binti yake Neema ni nesi huko Lindi. Akipiga simu husema, "Nimekula, mama." Hajawahi kusema amekula na nani.

"Unakula na nani, mwanangu?"

"Peke yangu."

"Lete maji. Na mwiko, kama unao."

Akachekecha unga, akasonga, akimgombeza kila hatua. Wakala sahani moja.

Jumatatu mezani pakawa na vifuko vya kikombe kimoja kimoja, na somo la kusonga bure, matusi yakiwemo. Nesi mmoja akasimama. Kesho yake akaja na wenzake wawili. Efrazia akasogeza nyanya zake karibu.

Mshahara ulipotoka, Pudensiana akaja na ile nusu iliyobaki.

"Rudisha mfukoni," akasema Wegesa, akimfungia kifuko kipya. "Waliokula ni wadudu. Nitawadai wao."