Namba Nne na Wadogo Zake Watatu

Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, wiki ileile tuliyomzika mama. Baba alikuwa ametangulia. Sikufukuzwa wala sikufeli. Nilirudi kutoka makaburini nikakuta wadogo zangu watatu wamekaa kwenye mkeka, na katika watu wote waliojaa uani walikuwa wananitazama mimi. Nikajua nani anapika jioni hiyo.

Sare zangu zilikatwa zikamtosha mdogo wangu wa kike. Viatu vya shule nilibaki navyo, na ndivyo nilivyochezea mpira mwaka wa kwanza.

Mpira wenyewe niliukuta njiani. Nilikuwa natoka kwenye kibarua cha palizi, jembe begani, nakatiza uwanja ambapo timu ya wanawake ya Majengo ilikuwa mazoezini. Mpira ukanijia. Niliurudisha kwa nguvu hadi ukavuka goli la upande wa pili na kuwatawanya ng'ombe waliokuwa wanarudi kutoka kunywa maji. Kocha wao, fundi baiskeli mwenye sauti ya kukwaruza, aliniita.

"Wewe wa jembe! Kesho njoo. Jembe liache nyumbani."

Kesho yake nilikwenda na jembe, maana nilitoka shamba moja kwa moja. Alicheka, akanipa namba nne, beki wa kati.

Mechi yangu ya kwanza ilikuwa Usevya. Winga wao alikuwa mdogo kama kifaranga. Kila aliponijia nilijitupa chini kumnyang'anya mpira, na kila nilipojitupa alinipita. Watazamaji waliokaa pembeni, wamerudi kutoka kwenye majaruba ya mpunga na matope miguuni, walishangilia: "Dada, amka, kumekucha!" Tulifungwa vibaya. Kwenye gari la kurudi kocha hakunigombeza.

"Unajitupa kwa sababu unaogopa," alisema. "Simama. Mnyime njia ya katikati, mpe ya pembeni. Mwache akimbie. Akifika kwenye mstari hana pa kwenda, mpira atakupa mwenyewe."

Mistari yetu ilichorwa kwa majivu. Nilijifunza kumpeleka mtu hadi kwenye majivu.

Ulipotimia mwaka tangu mama afariki, ndugu wa baba walikuja kumaliza msiba. Kwetu mbuzi wa siku hiyo hugawanywa kwa utaratibu, kila kiungo kina mwenyewe: mguu huu wa fulani, kidari cha fulani, na hakuna anayedai kisicho chake. Shangazi alikuwa amekaa na kisu, anagawa. Baba mdogo, aliyetoka Magamba na baiskeli yake, alisafisha koo. Nilijua lililomleta. Alikuwa amesikia habari za kaptula ninayochezea mpira.

"Mtoto wa kike anayekimbia nusu uchi mbele ya wanaume hawezi kulea," alisema. "Sisi tumeshakubaliana. Watoto wanakuja kwetu."

Maneno yalinijaa mdomoni. Nilitaka kumuuliza ni nani aliyelala na hawa watoto wakiwa na homa, yeye akiwa wapi. Nikakumbuka ile "kumekucha" ya Usevya. Nikapiga magoti, nikauliza taratibu:

"Sawa, baba. Nani anakwenda kwa nani?"

"Wa kiume nakwenda naye mimi. Ana miaka kumi na moja, ng'ombe atawaweza."

"Na huyu wa kike?"

"Atakwenda Usevya, kwa baba yako mkubwa. Mke wake kajifungua, anataka mtu wa kumsaidia."

Baba mkubwa, aliyekuwa amekaa kando yake, alitikisa kichwa kukubali.

"Na huyu?" nikauliza.

Kitindamimba alikuwa amelala mapajani pangu. Alikuwa na miaka minne, ana pumu, na kila asubuhi godoro lake lilikuwa juani kwa sababu ambayo kila mtu aliijua. Baba mdogo alimtazama kaka yake. Kaka yake alimtazama mbuzi.

"Huyo bado mdogo," baba mdogo alisema. "Abaki na wewe kwanza."

"Kwa hiyo huyu naweza kumlea? Pamoja na kaptula yangu?"

Shangazi aliweka kisu chini, akacheka hadi akajifuta macho kwa kitenge.

"Nyie! Mnabeba mapaja, utumbo mnamwachia mtoto? Gawaneni wote, au msimguse hata mmoja!"

Baba mdogo alikuwa amefika kwenye majivu na alijua. Akajaribu mara ya mwisho.

"Basi wabaki. Lakini mpira uache."

Nilisimama. "Baba, nakuheshimu. Watoto hawaendi, na mpira siachi."

Alipanda baiskeli akaondoka bila mguu wake wa mbuzi. Tuliula siku mbili. Jioni ileile nilikwenda mazoezini na wote watatu, na kitindamimba alisinzia juu ya rundo la jezi.

Tangu hapo nimecheza misimu mingi kuliko wenzangu wote tulioanza pamoja. Nimechezea timu ya mkoa. Nimepoteza jino moja, na goti la kulia hunisumbua masika. Wadogo zangu wamesoma kunipita, na hakuna aliyekulia kwenye nyumba ya mtu mwingine. Watu huniuliza sokoni, "Mama, utaacha lini?" Nawaambia waje wanipite kwanza.

Mwezi uliopita baba mkubwa wa Usevya alifariki. Mke wake alishatangulia. Wamebaki watoto wanne, mkubwa ni yule aliyekuwa kichanga siku ya mbuzi. Nimesikia baba mdogo ameitisha kikao cha kuwagawa Jumapili hii. Sijaalikwa.

Jana nilimpigia simu yule binti mkubwa. Alikuwa analia, anasema atawajibu, atawapigia kelele wote. Nikamwambia asiseme neno hadi nifike, asimame tu mlangoni, wadogo zake wawe nyuma yake.

Mechi yetu ni Jumapili hiyohiyo saa kumi, hukohuko Usevya. Nitaingia kwenye kikao asubuhi, kaptula ndani ya kitenge, nipige magoti, niwasalimie wazee wote mmoja mmoja. Halafu nitauliza nani anakwenda kwa nani.