Maaskofu Tisa wa Jinzi

Harufu ya jinzi mpya, ile ya rangi ya kiwandani iliyochanganyika na mvuke wa pasi, hunirudisha moja kwa moja kwenye mwaka niliotakiwa kuwa askofu. Wiki iliyopita nilimsindikiza Mama hadi Xintang, mji wa viwanda vya jinzi, ili nimtafsirie, na kabla hatujafika hata kwenye ngazi za karakana viganja vyangu vilishalowa jasho. Nimehitimu chuo kikuu, lakini viganja vyangu bado vina miaka tisa.

Siku hizo Waanglikana wa Kitanzania hapa Guangzhou tulisali sebuleni kwetu. Dayosisi ya nyumbani ilikuwa na jubilei, na Mama, ambaye kazi yake ni kununua suruali za jumla, akatunga igizo la maisha ya askofu wetu wa kwanza, Mwingereza wa enzi za mkoloni: alivyoshuka melini, alivyotembea kwa miguu hadi bara, alivyougua homa, alivyojenga shule ya wasichana, alivyozeeka na kurudi kwao. Maisha yote hayo niyaigize mimi. Tena mbele ya Bibi, mama yake Mama, ambaye angetua uwanja wa ndege wa Baiyun siku ya Ijumaa akiwa hajaniona tangu nilipokuwa mchanga. Nilihofia jambo moja tu: kwamba Bibi angegundua mjukuu wake wa China hajui kuzungumza mbele za watu kwa Kiswahili.

Mama akanichukua, tukaenda kushonesha joho.

"Laoban, moja tu, la mtoto," alimbembeleza mwenye karakana.

"Moja? Bu xing!" yule mzee alikataa, kisha akaendelea kwa Kiswahili alichofundishwa na wateja. "Dazani, dada. Dazani ndiyo mashine inaanza."

Tukarudi na majoho kumi na mawili ya jinzi ya zambarau, kila moja na vifungo vya shaba na mifuko miwili makalioni, kwa sababu mafundi wale hawakuwahi kushona kitu kisicho na mfuko wa nyuma. Mama hapendi kitu kikae bure. Watoto wa ibada tulikuwa tisa, basi tukawa maaskofu tisa, kila mmoja akiigiza umri mmoja wa askofu yuleyule. Majoho matatu yaliyobaki ni vitambaa vya meza kwetu hadi leo. Nilifurahi kwa dakika mbili hivi. Kisha nikapewa askofu wa mwisho, yule anayeaga, nikaanza kuwaza: wa kwanza akikosea, husahauliwa, wa mwisho akikosea, watu huondoka na kosa lake.

Jumapili ikafika. Askofu wa melini alijifanya kutapika, akashangiliwa. Askofu wa homa alitetemeka vizuri mno hadi kofia yake ya boksi la viatu ikamwangukia mpiga kinanda. Bibi, kwenye kiti cha mbele, alicheka hadi akajifuta machozi.

Zamu yangu ikafika. Sentensi zilikuwa tatu, na zote zikapotea. Nilisikia feni tu. Nikashika maneno niliyozoea kuwasikia wakubwa wakisema sebuleni palepale, kila mmoja wao alipokuwa anarejea Tanzania asirudi tena.

"Ndugu zangu, nawaaga. Kama kuna niliyemkosea, anisamehe."

Mama alifumba macho. Hayo hakuyaandika. Bibi akasimama.

"Tumekusamehe, Baba Askofu," alisema polepole. "Umechelewa, lakini tumekusamehe. Haya, nenda salama."

Watu wakacheka, vigelegele vikapigwa, nami nikapona. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia jinsi Bibi alivyoniokoa.

Wiki iliyopita, tukingoja marobota yafungwe, nilimwambia Mama kwamba bado naona aibu kwa kusahau yale maneno. Akanitazama kwa mshangao.

"Kwani hujui? Mama yake Bibi alisoma shule ile ya wasichana aliyoijenga askofu. Askofu alimfukuza kwa sababu alicheza ngoma kwenye harusi ya dada yake. Hakurudi tena darasani. Alizeeka akisomewa barua zake na watoto."

"Na wewe ukijua hivyo, ukamtungia askofu sifa?"

"Mwenye kovu usidhani kapoa," Mama alisema, akitazama pembeni. "Mimi nilidhani kapoa."

Nimewaza sana tangu siku hiyo, kama kawaida yangu. Bibi hakuwa akiniokoa. Miaka yote alikuwa na jibu lake mdomoni, akingoja tu mtu mwenye joho, hata awe mtoto wa miaka tisa, amwombe msamaha.